Boluti Moja, Turbo Mbili

Fundi hakusema neno. Alinishika mkono, akageuza kiganja changu juu, akaniwekea boluti.

Ilikuwa fupi, haizidi kiungo kimoja cha kidole gumba, ina tundu katikati na vitundu ubavuni. Ndani yake mna kisefa cha waya mwembamba, mfano wa sefa ya chai iliyotengenezwa kwa ajili ya mwanasesere. Nilichungulia nikaona weusi mtupu. Fundi akachukua sindano ya kushonea magunia, akachokoa taratibu, kikaanguka kiganjani kipande kigumu, cheusi, kinachong'aa kidogo, kama sukari iliyoungulia chini ya sufuria.

"Njo hii," akasema. "Turbo ya kwanza ilikufia hapa. Na ya pili ilikufia hapa hapa."

Hiyo ilikuwa Kamalondo, mwezi wa tisa, saa ile ya alasiri ambapo upepo wa Lubumbashi unainua vumbi jekundu mpaka mtu anafunika chai yake kwa mkono. Tangu siku ile natembea na boluti hiyo mfukoni. Wiki saba sasa. Nilitaka kuandika mapema nikashindwa, kwa sababu kila nilipoanza nilikuwa namlaumu mtu, na kila wiki mtu wa kulaumiwa alikuwa mwingine.

## Kwa nini nilitaka turbo

Anayekwenda Likasi kila wiki hahitaji kuelezwa. Ni kilomita 120 za lami nzuri, na malori ya shaba yanayopanda na kushuka usiku na mchana. Ukibaki nyuma ya lori unakula moshi na vumbi kwa saa nzima. Ukitaka kulipita, unahitaji gari linaloitika pale pale unapokanyaga, siyo baada ya kufikiri.

Nilikuwa na gari la injini ya kawaida, isiyo na turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa. Siku moja nilijikuta ubavuni mwa lori refu, mguu umefika chini kabisa, gari haliongezi, na taa za lori lingine zinakuja mbele. Lori nililokuwa nalipita likapunguza mwendo, likaniachia nafasi. Dereva wake simjui mpaka leo. Namshukuru mpaka leo.

Mwezi uliofuata nilinunua Subaru Forester XT ya 2004. Ilitoka Japani, ikashukia Dar es Salaam, ikapita Tunduma na Zambia, ikaingia kwa Kasumbalesa kama ndugu zake wote. Ilipofika kwangu usukani ulikuwa umeshahamishiwa kushoto. Hilo la usukani likumbuke, nitalirudia.

Chini ya boneti kuna injini inayoitwa EJ205. Silinda nne zimelala, mbili kila upande, zinapigana ngumi kwa kuelekeana. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 1,994: kipenyo cha silinda milimita 92, mwendo wa pisto milimita 75. Vali 16. Turbo imekaa nyuma upande wa kulia, na juu ya injini kuna kipoza hewa kinachopigwa na upepo wa lile tundu la boneti ambalo vijana wanadhani ni pambo. Kwenye Forester za soko la Japani injini hii inatoa nguvu za farasi 220.

Namba hizo nilizijua kwa moyo kabla ya kulipa. Namba ambayo ingeniokoa, ya kilomita za kubadilisha oili, hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza.

## Hewa yetu

Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hatuisikii mwilini kwa sababu tumezaliwa humu, lakini injini inaisikia. Msukumo wa hewa hapa umepungua kwa asilimia kama 13 ukilinganisha na Dar es Salaam. Injini ya kawaida inapumua kidogo, inachoma kidogo, inatoa kidogo. Ndiyo maana lile gari langu la kwanza lilikuwa linapumua kama mzee kwenye kilima.

Turbo inaziba pengo hilo. Moshi unaotoka kwenye silinda unazungusha feni, feni hiyo imeungwa kwa mhimili mmoja na feni nyingine, na ile ya pili inasukuma hewa ndani. Hewa ikiwa nyepesi, mhimili unazunguka kwa kasi zaidi ili kufikia msukumo ule ule. Tunazungumzia mizunguko zaidi ya 100,000 kwa dakika, upande mmoja ukiwa umeshika moshi wa nyuzi 700, 800 na zaidi.

Mhimili huo haukai juu ya chuma. Unaelea juu ya utando wa oili.

Hapa ndipo nilipokaa siku nyingi bila kulala vizuri. Kumbe kila nilipolipita lori kwa raha na kusema "gari hili halijui mwinuko", mwinuko ulikuwa unalipwa. Ulilipwa na mhimili ule, na mhimili ulilipwa na oili.

Kuna deni la pili, nalo liko kwenye esansi, yaani petroli. Injini isiyo na turbo, hewa ikiwa nyepesi, inasamehe hata esansi dhaifu, kwa kuwa mgandamizo ndani ya silinda umeshuka. Yenye turbo haisamehi, maana turbo imeurudisha mgandamizo ule ule. Esansi ikiwa dhaifu inalipuka kabla ya wakati wake. Mafundi wetu wanaita klikiti, mlio kama changarawe kwenye kopo. Injini ina sikio lake dogo, sensa iliyofungwa kwenye bloku, ikisikia klikiti kompyuta inachelewesha moto. Lakini kuchelewesha kuna mwisho, na baada ya mwisho huo zinazovunjika ni kingo za pisto zinazoshika segima, zile ringi zake.

Kwenye kifuniko cha tangi langu kuna karatasi ya maandishi ya Kijapani. Nimeiona kila wiki kwa miaka mitatu. Baada ya siku ya boluti niliipiga picha, simu ikanitafsiria: esansi ya daraja la juu, isiyo na risasi. Miaka mitatu nilikuwa najaza ya bei nafuu, na mara mbili tatu nilijaza ya vidumu vya kando ya barabara kwa sababu ya haraka.

## Filimbi

Turbo ya kwanza ilikufa kwa kuimba. Nilikuwa narudi kutoka Likasi, nikasikia filimbi nyembamba kila nikikanyaga, kama ving'ora vya mbali. Siku ya tatu ikaja na moshi wa bluu. Siku ya tano gari halikuwa na nguvu hata ya kupita baiskeli ya mkaa.

Nilikwenda garaji ambayo sitaitaja. Wakafungua, wakanionyesha mhimili: unauchezesha kwa kidole huku na huko, na feni zimekwaruza ukuta. "Turbo imeisha," wakasema, na ilikuwa kweli. Wakatafuta nyingine ya mtumba, wakafunga, nikalipa dola 280, gari likarudi kuwa gari.

Siku kumi na tisa.

Safari ya pili ya Likasi baada ya matengenezo, filimbi ikarudi. Sikusubiri moshi. Lakini nilipozima gari uani na kuliwasha tena, nikasikia kitu kipya, kizito, kutoka chini: ko, ko, ko. Kilifuata mguu wangu. Nikiongeza, kinaongeza.

Bieli, mkono wa chuma unaounga pisto na mhimili mkuu.

Mtu aliyewahi kuisikia sauti hiyo hawezi kuichanganya na nyingine. Kusine, zile bamba laini za kuzungukia kati ya bieli na mhimili mkuu, zilikuwa zimeliwa. Turbo ya kwanza ilipokufa ilimwaga unga wa chuma kwenye oili. Hakuna aliyeshusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, hakuna aliyeosha njia za oili, hakuna aliyefungua kipoza oili kilicho juu ya filitri, ambacho kinahifadhi uchafu kama kibuyu. Walifunga turbo ya pili kwenye bomba lile lile, boluti ile ile, sefa ile ile iliyoziba. Ikaanza kufa dakika ile ile waliyoiwasha.

Kwa hiyo wiki ya kwanza na ya pili, aliyekuwa na kosa ni garaji ile.

## Maswali mawili

Mzee wa Kamalondo aliyelifungua gari mara ya mwisho, yule wa boluti, hana bango. Ana mwembe, jeki mbili na redio. Nilipomaliza kulalamika kuhusu wenzake alinyamaza kidogo, akaniuliza:

"Mwanangu, oili ulikuwa unabadilisha kisha kilomita ngapi?"

"Elfu kumi, papa."

"Na ulikuwa unanunua wapi?"

Sokoni. Ya pipa, inayopimwa kwa chupa. Bei nusu. Rangi nzuri, inateleza vidoleni, muuzaji ninamjua kwa sura. Nilifanya hivyo kwa sababu baba alifanya hivyo kwenye Corolla yake miaka kumi na moja na haikumfia.

Mzee hakunigombeza. Alichukua kijiti, akachora chini kwenye vumbi: bomba linatoka kwenye kulasi, kichwa cha injini, linapanda kwenye turbo, na pale linapoanzia ndipo inapokaa boluti yenye sefa. Oili inapita mle kwenda kwenye mhimili. Ukitembea kasi kilomita 120, turbo imewaka nyekundu, kisha ukazima gari ghafla mlangoni, oili iliyobaki ndani haina pa kwenda. Inapikwa. Ikipikwa inakuwa makaa. Oili nzuri inavumilia moto huo mara nyingi, oili ya pipa haivumilii. Makaa yanasafiri pamoja na oili, yanafika kwenye sefa, yanakaa.

"Sefa haikutengeneza uchafu," akasema. "Ilishika tu."

Usiku ule nilihesabu. Safari za Likasi mia moja na zaidi, na kila mara nilizima pale pale nilipoegesha, maana mama ananisubiri mlangoni na mtu hakai ndani ya gari wakati mama amesimama.

Kitu kingine nilichokuwa nakiamini vibaya ni taa nyekundu ya oili. Nilikuwa nasema: taa haijawaka, oili ipo. Taa ile haipimi kiasi, inapima msukumo. Injini hizi zikikimbizwa zinakunywa oili, na ikipungua sana bomba la kunyonyea linameza hewa kwenye kona au kilima. Siku taa itakapowaka, kusine zimeshagusana na chuma. Wa kukuambia ukweli ni kile kijiti cha kupimia, na mimi nilikuwa nakigusa mara moja kwa mwezi.

Wiki ya tatu, basi, mwenye kosa nilikuwa mimi. Wiki ya nne nikasema hapana, garaji ingeweza kuliokoa. Wiki ya tano nikaacha kuhesabu kosa, maana gari lilikuwa bado limekaa chini ya mwembe bila injini.

## "Inaingia"

Neno nililolisikia kuliko yote mwezi ule ni "inaingia". Kila aliyepita chini ya mwembe alikuwa na injini inayoingia.

Wa kwanza alikuwa na EJ25 isiyo na turbo, lita 2.5, safi, bei ya rafiki. Kweli inaingia. Familia hii ya EJ inashirikiana mashikio ya injini na uso wa gia boksi kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana watu wanadanganyika. Lakini inataka nyaya zake na kompyuta yake, na mimi ningerudi kuwa yule mtu wa ubavuni mwa lori.

"Basi tunaifunga turbo juu yake," kijana mmoja akasema, na alisema kwa uhakika wa kutisha. Hapo Mzee aliinua kichwa. EJ205 imejengwa na mgandamizo wa chini, kati ya 8 na 9 kwa 1 kutegemea toleo, ili kuacha nafasi ya hewa inayosukumwa na turbo. Zile zisizo na turbo zinafika kama 10 kwa 1. Ukizisukumia hewa juu ya hapo, na esansi yetu hii, utasikia klikiti kwa wiki moja, na baada ya wiki utaokota vipande vya pisto kwenye sampu.

Wa tatu alileta EJ208 ya Legacy, yenye turbo mbili. Nguvu zaidi, bei chini kuliko zote. Nikatamani, sitaficha. Ni usukani ulioniokoa. Injini ile ya turbo mbili ilitengenezwa kwa magari ya usukani wa kulia tu, kwa kuwa turbo moja imekaa upande wa kushoto, pale pale unapopita mhimili wa usukani wa kushoto. Kwenye gari langu lililogeuzwa, vyuma viwili vingetaka nafasi moja. Muuzaji aliapa kwamba inaingia. Hakuwa mwongo, kwenye gari lake iliingia.

Mwishowe tukapata EJ205 iliyotolewa kwenye Impreza, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba hata jina moja halitoshi. Kuna EJ205 zenye AVCS, mfumo unaogeuza wakati wa vali za kuingiza hewa kwa msukumo wa oili, na kuna zisizo nao. Kuna zinazofungua hewa kwa kebo na kuna zinazofungua kwa umeme. Kompyuta yangu inatarajia kukuta vitu fulani, isipovikuta inawasha taa na kupunguza nguvu. Kwa hiyo tulikaa jioni nzima na injini mbili pembeni kwa pembeni, ya kufa na ya kuja, tukilinganisha plagi moja moja, sensa moja moja, kwa tochi ya simu.

Muuzaji alitaka tuchukue na gia boksi yake, bei moja. Mzee akakataa. Magari haya yanasukuma magurudumu yote manne, na uwiano wa gia ya mwisho mbele lazima uendane na difu ya nyuma. Familia hii ina 4.111, ina 4.444, na nyinginezo. Ukichanganya, mbele na nyuma zinavutana kila mzunguko, na kinachokufa ni kiungo cha katikati.

Nimekuja kuona kwamba swali letu la kila siku garajini lina upungufu. Tunauliza kama boluti zinakutana. Hatuulizi chuma kile kilitarajia kuishi na nini: esansi ipi, oili ipi, kompyuta ipi, hewa ipi.

## Tulichokibishania

Injini ilifungwa kwa siku nne. Mkanda wa taiming tulifunga mpya pamoja na kikazio chake na pampu ya maji, bila mjadala: kwenye injini hii mkanda ukikatika pisto zinakutana na vali, na unaanza upya. Kipoza oili cha zamani tulikitupa. Kipoza hewa kilioshwa kwa esansi mara tatu, na mara ya tatu bado kilitoa mstari mweusi. Mpira wa hewa unaoelekea kwenye turbo ulikuwa umepasuka upande wa chini, pasipoonekana, tukaubadilisha.

Tulibishana juu ya boluti. Mzee alitaka kuitoa ile sefa kabisa. Kwa Lubumbashi, alisema, sefa ikiziba inaua kwa siku moja, uchafu ukipita unaua kwa miaka. Mimi nilitaka boluti mpya yenye sefa yake, kama ilivyotengenezwa, na kuifungua kila mwaka niitazame. Hatukukubaliana. Gari ni langu, sefa ikabaki. Sina hakika kama nilikuwa sahihi, na yeye hajabadilisha neno lake.

Oili sasa nanunua ya kopo lililofungwa, lita nne na nusu hivi kwa mara moja, na nabadilisha kila kilomita 5,000. Ninaandika kwenye daftari. Nikiingia Likasi, kilomita mbili tatu za mwisho ninaachilia mguu, naenda polepole ili turbo ipoe nikiwa njiani. Sikai tena na injini inawaka mlangoni, nimegundua haina haja kama umeingia mjini kwa upole, maana turbo hii ina maji yake pia, na maji yanaendelea kuzunguka yenyewe kidogo baada ya kuzima. Mama hajui chochote kuhusu hili. Ameona tu kwamba gari linaingia bila kelele.

## Jumamosi iliyopita

Kilomita 1,000 za kwanza zilitimia Ijumaa. Jumamosi asubuhi nilikuwa chini ya mwembe. Mzee alimwaga oili kwenye beseni safi, akafungua filitri, akaikata kopo kwa msumeno mdogo, akaitoa karatasi yake ya ndani na kuikunjua juu ya gazeti kama mtu anayekunjua kitenge. Tukaipeleka juani.

Tuliinama wote wawili. Karatasi ya filitri ina mikunjo mingi, na kila mkunjo lazima uutazame kwa kuuelekeza kwenye mwanga. Kahawia, kahawia, kahawia. Halafu, kwenye mkunjo wa karibu na mwisho, vidoadoa vinne vinavyometa.

Akaleta sumaku aliyoitoa kwenye spika ya zamani. Kimoja kiliruka kikanasa. Vitatu havikusogea.

"Chuma ni kile kimoja," akasema. "Hivi vingine vinaweza kuwa vya kusine. Vinaweza kuwa pia vya injini mbili hizi zilivyokutana, uchafu wa kufungia."

"Tufanye nini, papa?"

Alikunja gazeti na vidoadoa vyake ndani, akaandika juu yake tarehe na kilomita kwa kalamu ya seremala, akaliweka nyuma ya redio.

"Weka oili mpya. Tembea kilomita 500. Kisha urudi, tukate ingine."

Leo nimetembea 310.